Simu Yako ni Muhimu Sana Kwetu

...kidole ndicho kilichoniponza, mimi mwenyewe nilishaamua sipokei, nimelala zangu chali na mto chini ya mabega kama daktari alivyoagiza, simu inatetemeka juu ya kistuli, nimeona imeandika Bosi, nikasema moyoni iache ilie mpaka ichoke, lakini kidole kina akili zake, kidole kimezoea kupokea kabla mlio haujakolea, kikaruka kikapokea, na mdomo nao huo ukafunguka kutaka kusema karibu, nikusaidie nini, jamani, nikauziba kwa kiganja, imetoka hewa tu, hewa siyo sauti, sijui kama hewa inahesabiwa, sitamwambia daktari... na sasa huyu hapa sikioni mwangu, Bwana Dakika, ndivyo tunavyomwita tukiwa kwenye ngazi hasikii, kwa sababu anapita nyuma ya viti vyetu kutwa nzima akinong'ona dakika, dada, dakika, maana mteja hatakiwi kukawia kwenye laini, aseme shida yake aondoke, mwenzake anasubiri, na leo ajabu yeye mwenyewe ndiye hana haraka, "Dada yangu, pole sana, usiseme kitu, nakuomba, usiseme kabisa, wewe nisikilize tu," eti nisikilize tu, kwani nina njia gani nyingine, mtu amekatwa kinundu kwenye nyuzi za sauti, ameambiwa asitoe hata mguno, halafu unampigia simu, si ungeandika, lakini nilipomwandikia mimi siku ile ya upasuaji nikaeleza yote, na barua ya daktari nikaipiga picha nikaituma, alinijibu kwa kile kikatuni cha viganja viwili vilivyokutana, basi, hakuna neno, viganja viwili, nami nikafurahi kama mtoto nikamwonyesha mume wangu, ona, bosi wangu ana utu, mume wangu akaviangalia vile viganja akasema huyu anakuombea au anakuomba, nikampiga na mto, mwanamume hodari wa kuharibu starehe za watu, kumbe mwenzangu alikuwa amesoma vizuri kuliko mimi.

"Ni sentensi nne tu, dada yangu, nne, unaingia, unasema, unatoka, gari nakuletea mpaka mlangoni," nami naitikia kwa kichwa, ona ujinga huo, naitikia kwa kichwa kwenye simu, nani ananiona, dari labda, "kuanzia kesho mpangilio wote unabadilika, mabomba yaliyopasuka yanahamia namba mbili, mita zinakwenda tatu, maji machafu yanapewa namba yake peke yake," anasema kwa fahari kama anayempa mwanawe chumba, na mimi picha yote ninayo, kwa sababu ile sauti ya mashine ya shirika la maji, ile inayokukaribisha kabla hujampata binadamu, bonyeza moja kwa ankara, bonyeza mbili kwa mita, ni mimi, mji mzima ukikauka mabomba wa kwanza kutukanwa ni mimi, natukanwa nikiwa nimelala, natukanwa nikiwa sokoni nachagua vitunguu, shemeji yangu aliwahi kuniomba radhi mbele za watu, shemeji nilikutusi jana mpaka nikakumbuka kuwa ni wewe... "na haiwezekani nusu useme wewe nusu aseme mwingine," anaendelea, "wateja watadhani wamepiga kwingine, kwa hiyo ama useme wewe hizi nne mpya leo hii ama tunafuta zote tuanze upya na mtu mwingine, mkurugenzi anasema sauti ya shirika lazima iwe ya mtu anayepatikana, ameshamtaja binti wa mapokezi, mimi nimekupigania, dada, nimemwambia hapana, huyu ni wetu, huyu tumetoka naye mbali"... kwa hiyo nikibaki kitandani nafutwa, neno lenyewe ndilo hilo, nafutwa, miaka yote ile nafutwa kwa kugusa kitu kimoja kwenye kompyuta, na binti wa mapokezi simchukii, mtoto mwenye adabu, ananipa shikamoo ingawa umri sijamzidi kiasi hicho na ningependa aache, lakini ana kithembe, Mungu nisamehe, sisemi kwa ubaya, kithembe anacho, atawaambia watu thimu yako ni muhimu thana kwetu, na watu watamzoea, hilo ndilo linaloniuma, watu watamzoea kabla wiki haijaisha, nani aliwahi kukosa maji akamkumbuka aliyemwambia subiri... "siyo kupayuka," anasema Bwana Dakika, "unasema taratibu tu, tena taratibu ndiyo vizuri," halafu kuna mlango umefunguliwa upande wake, na mtu anamuuliza kitu, naye kaziba simu kwa mkono, ila mkono wa mtu mmoja hauzibi simu, sisi tunaofanya kazi ya simu tunalijua hilo, namsikia vizuri kama yuko humu chumbani, anasema, "Nani, huyu? Aa, huyu atakuja tu, huyu hajawahi kukataa kitu," kisha anarudi kwangu na sauti laini, "Dada, nisubiri kidogo, wananiita juu, nikirudi uniambie neno moja tu, sawa, nimtume dereva," akabofya kitu, muziki ukaingia, kile kinanda kinachojirudia kama mtu anayejifunza, na juu ya kinanda... mimi.

Simu yako ni muhimu sana kwetu, tafadhali subiri, mhudumu wetu atakuhudumia hivi punde... kaniweka nisubiri, bosi wangu kanipigia mwenyewe kisha kaniweka nisubiri, tena kanikabidhi kwangu mwenyewe, na kicheko kimenipanda kutoka tumboni, nikaking'ata kwenye shuka, kucheka nako kumekatazwa, kucheka, kulia kwa sauti, kukohoa, kusafisha koo, kunong'ona, huyu daktari aliponiorodheshea niliona bora angesema kufa tu ndiyo ruhusa... hivi punde, anasema huyo mimi, kwa furaha, kama hivi punde ni mahali anapopajua, na sijawahi kuisikia hii sauti kutoka upande huu, upande wa anayesubiri, niliisikia siku ile ya kurekodi tu, kwenye chumba cha kuwekea mafagio ambacho fundi mitambo alitundika mablanketi ukutani ili kelele zisiingie, nimesimama nusu saa na joto lile, na Bwana Dakika enzi hizo bado ana nywele, ananiambia ng'ata penseli, ng'ata kwa meno ya pembeni, mdomo ufunguke, tabasamu lisikike, sema muhimu, muhimu, tena muhimu, mpaka neno likapoteza maana, likawa kelele tu ya mdomo, na fundi akasema hiyo hiyo, imekaa, nikatoka na alama za meno kwenye penseli ya watu, nikapigiwa makofi, nikaona nimefika, kumbe ndiyo kwanza nilikuwa nimefungwa.

Sasa nimjibu nini akirudi, neno lenyewe si kubwa, sawa, nimelipima mdomoni bila kulisema, mwanzo wake ni upepo tu wa meno, mwisho wake ni midomo kukutana na kuachana, katikati pale ndipo penye sauti, padogo mno, ukipita haraka labda nyuzi hazitajua, nitalisema kama mtu anayepuliza chai, sawa, halafu dereva aje, nivae, nijifunge skafu shingoni, niseme hizo nne taratibu nirudi nilale, nani atajua... na daktari namwona mbele yangu, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya raba, kachora nyuzi zangu mbili kwenye karatasi kama midomo ya samaki, akaniambia unakijua kidonda cha goti la mtoto, kikishika kigaga akakunja mguu kinapasuka, kinaanza upya, na kikipasuka mara kwa mara kinapona na kovu, basi na hizi ni hivyo hivyo, kwenye goti kovu ni kumbukumbu, hapa kovu halitikisiki, na kisichotikisika hakitoi sauti, utabaki na mkwaruzo wa mlango wa bati maisha yako yote, wiki mbili tu ninazokuomba, nami nikachukua kalamu nikamwandikia, hata neno moja? akacheka, akasema neno moja halijawahi kutembea peke yake, mama, linakuja na ndugu zake... nusu ya hizo wiki imeshapita, nimevumilia, nimekanyaga msumari wa kitanda sikusema kitu, nimemwona mende nikapiga makofi badala ya kupiga yowe, mume wangu akaja mbio na kiatu, leo nije niuze kigaga changu kwa maji machafu yamehamia namba nne?

Ila nafutwa... simu yako ni muhimu sana kwetu... na kazi je, mtu ambaye sauti yake imefutwa na yeye kiti chake kinakaa muda gani, sitaki hata kuanza hesabu hiyo, na Bwana Dakika siyo mtu mbaya, tuseme ukweli, ana vidonda vya tumbo, anatafuna vidonge vyeupe kama karanga, kila akiitwa juu anashuka amepungua, punda afe mzigo ufike, ndiyo wanavyomwambia huko juu, na yeye ni punda mwenzetu, ila amepewa fimbo, na kwenye msiba wa baba yangu alikuja, alibeba viti, aliinama akalia mpaka mama zangu wakambembeleza yeye... hapo, hapo ndipo sikutaka kufika, kwa sababu ile siku nayo ilianza na neno hili hili, sawa, simu zetu za mkononi tunazifungia kabatini, nikaenda kwenye mapumziko ya chai nikaikuta yangu imejaa ujumbe wa kaka yangu, wa mwisho unasema dada, baba hatunaye, nikarudi nikasimama mbele ya meza ya Bwana Dakika nikamwonyesha simu maana midomo ilikuwa imeganda, akasimama, akanishika bega, akasema pole, pole sana, halafu akatazama kwenye kile kioo kinachoonyesha wanaosubiri, akasema dada, tumebaki watu wawili zamu nzima, malizia hii tu, kisha uende nami nitakusindikiza, nikasema sawa, nilisema, nikavaa vile vya masikioni, nikang'ata penseli ambayo haipo, karibu, nikusaidie nini, nikawasaidia, mmoja bomba limepasuka mbele ya duka lake, mmoja mita inazunguka usiku nyumba imefungwa, na mama mmoja nilipomaliza shida yake akaniambia mwanangu una raha wewe, sauti yako tu inaonyesha huna tatizo lolote duniani, nikamwambia asante, mama, na wewe uwe na siku njema, nikabonyeza anayefuata... na kumbe haikuishia pale, nilifika nyumbani watu wamejaa uani, shangazi zangu wameniona getini wakaanza kilio cha kunipokea, nami nikafungua mdomo nilie kama watu, jamani, nilie baba yangu, ikatoka samahani sana kwa kuchelewa, ile ile, na tabasamu lake, samahani sana kwa kuchelewa, kilio kikakatika, shangazi wakageuka wakanitazama, na miongoni mwao alikuwemo mama mkwe.

Baba ndiye alikuwa akiniita Bibi, hakuniita jina langu mpaka nakua, kwa sababu alisema nimechukua sauti ya mama yake, bibi ambaye mimi sikumkuta, hana picha, hakuna aliyewahi kumrekodi, nani angemrekodi muuza mkaa, baba akiwa amekaa kula nikimuuliza nikuongeze maji alikuwa anafumba macho, anasema, sema tena, Bibi, nami nasema tena, nikuongeze maji, anatikisa kichwa, anasema huyo, huyo ndiye yeye, na mimi mtoto nilikuwa naona maringo tu, sikujua kuwa nimebebeshwa mtu mzima kooni, kwamba baba naye akiondoka hakutakuwa na mwingine wa kusema huyo ndiye yeye... tafadhali subiri, mhudumu wetu... na wewe siye, naisikiliza kwa makini hii ya kwenye simu, natafuta, nimeigandamiza sikioni mpaka sikio limepata joto, natafuta bibi yuko wapi humo ndani, hayumo, baba angesikiliza hii angefumba macho kisha angefumbua akauliza nani huyo, hayumo kabisa, kuna penseli tu.

"Unaongea na nani?" mama mkwe huyo mlangoni, na kikapu cha nguo kiunoni, anapaza sauti kama niko ng'ambo ya mto, tangu ninyamaze yeye anadhani nimekuwa kiziwi, anaongea nami kwa kelele na kwa mikono, "NASEMA NI NANI KWENYE SIMU?" namwonyesha kwa kidole, mbali, juu, kisha nafanya kama mtu anayetazama saa ya mkononi, anaelewa mara moja, huyu mama kwa ishara hajambo, ningejua tungeishi hivi tangu mwanzo, "Wa kazini? Hao hao waliokuua koo? Lete nizungumze nao mimi, mimi mbona koo ninalo!" na mkono ameshaunyoosha, natikisa kichwa, naikumbatia simu, natikisa tena, Mungu wangu nikimwachia huyu mama kwa Bwana Dakika vidonda vyake vitapasuka vyote... alikuja siku ya upasuaji na begi lake na maneno yake, hamjui kukaa na mgonjwa nyie watoto wa siku hizi, nami nikaona hapa sasa, koo limekatwa na mama mkwe juu, maji yamezidi unga, kwa sababu sisi wawili hatukuwahi kupatana, tusidanganyane, ni adabu tu, shikamoo mama, umelalaje mama, karibu mama, miaka yote, na yeye ananijibu huku anatazama pembeni, mpaka juzi hapo, ananikanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, sikuomba, amenigeuza tu kama mtoto, na anakanda anasema peke yake, nakuambia hili kwa vile huwezi kunijibu, siku ya msiba wa baba yako niliisikia ile sauti yako nikasema moyoni, huyu mtoto moyo wake kauweka wapi, na kila ukinisalimu naisikia ile ile, nikasema mwanangu kaoa mtu wa ofisini, hata akiniita mama ni kama ananiuliza namba ya mita, akakamua kitambaa, akakirudisha, akasema, lakini tangu unyamaze nakuona, unakasirika, unaogopa mende, unalia ukidhani nimelala, nakuona, mwanangu, ndiyo kwanza nakuona, na aliposema mwanangu, siyo mke wa mwanangu, mwanangu, nililala kifudifudi machozi yanaingia kwenye mto bila sauti hata kidogo, naye akaendelea kukanda kama hajui, na anajua... na sasa amesimama mlangoni na kikapu chake, mkono ameushusha, ananitazama mimi na hii simu niliyoikumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu aje amesema kwa sauti ya chini, ya kawaida, ya mtu na mtu, "Wanataka useme?" naitikia, "Useme nao leo?" naitikia, anakiweka kikapu upande wa pili wa kiuno, anafikiri, anasema, "Usije ukawapa hao sauti, sisi wa humu ndani hatujaisikia bado," akaondoka, naye huyo kwenye korido anagombana na kamba ya nguo.

Hatujaisikia bado... anadhani anasema tangu nikatwe, au anajua anachosema, na huyo mama anajua anachosema, hawajaisikia, mume wangu mwenyewe ameoa penseli, maskini, ananipenda na penseli yangu, nikimwambia nakupenda linatoka limepigwa pasi, kuna usiku aliniambia kwa utani usinijibu hivyo utaniuliza kama kuna lingine la kunisaidia, tukacheka, tukalala, nami nikalala macho... na ile nyingine iko wapi, sauti ya muuza mkaa, ya kumwambia baba nikuongeze maji, iko chini ya kigaga hapa, laini, mbichi, inaunga, daktari alisema ikipona vizuri itatoka kama haijawahi kutumika, sikumsikia alivyosema, nilikuwa nafikiria lini nirudi kazini, ndilo swali nililomwandikia, lini nirudi kazini, na yeye akasema kwanza rudi wewe mwenyewe... na mimi nilikuwa nakwenda kulitoa neno la kwanza, la kwanza kabisa, nilifungue koo jipya kwa sawa, nimpe Bwana Dakika alipeleke juu kwa mkurugenzi, ili maji machafu yapate namba yake, lo, hapana, na hofu ninayo, sijidanganyi, naona kiti changu, naona kikombe changu kule dirishani, naona binti wa mapokezi anaingia chumba cha mafagio na penseli mdomoni, jamani mtu amwambie, mdogo wangu, usiing'ate, na nimeogopa hivyo hivyo, lakini sasa naogopa nimelala, naogopa nikiwa upande wangu.

Simu yako ni muhimu sana kwetu, tafadhali... kinanda kimekatika katikati, kuna kuhema, huyu amepanda ngazi na kushuka mbio, nasikia karatasi ya kidonge ikipasuka, nasikia anatafuna, pole, bosi, sikudhihaki, pole kweli, "Dada, samahani kwa kukuweka," anasema, "haya, niambie tu sawa, dereva yuko hapa na ufunguo mkononi," nami kimya, na kule kwetu kimya ni kosa, kimya kikizidi taa inawaka nyekundu mezani kwake na jina lako linatokea, tumefundishwa tujaze, naangalia taarifa zako, bado niko nawe, endelea kunivumilia, chochote, ila kimya kisiingie, na sasa nakisikia kinaingia chote, kipana, na hakuna kitu kibaya kinachotokea, mende hatokei, dari haianguki, kuna mama mkwe anazikung'uta nguo, pa, pa, na kuna jua limefika kwenye mguu wa kitanda, "Dada?" anasema, na sauti imebadilika kidogo, siyo ya bosi tena, ni ya mtu aliyegonga mlango akaona hafunguliwi, "haloo? Dada, upo? Upo lakini?" na kidole kiko pale pale juu ya simu wala hakirukiruki, na midomo yangu nimeifumba bila kuishika na mkono, nipo, bosi, nipo sana tu, nipo nyumbani, naumwa.